Mwana wa Mshona Glavu Hahitaji Mkabaila wa Kumwandikia

Mtu akitangaza leo kwamba anaandaa tamthilia mpya kuhusu kasri la Malkia Elizabeth wa Kwanza na waandishi wa zama zake, ushauri wa kwanza atakaopewa ni huu: mweke mkabaila nyuma ya pazia. Ataambiwa kuwa Shakespeare lilikuwa jina la kuazima tu. Mwandishi wa kweli alikuwa bwana mkubwa, msomi, msafiri, mlelewa wa kasrini, ambaye kwa cheo chake hakuweza kuonekana akiandikia jukwaa la watu wa mtaani. Mpe bwana huyo kalamu, mpe huzuni, mpe mapenzi ya siri na malkia, na tamthilia itajiandika yenyewe. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba hata wasiouamini kama historia wanaukubali kama sanaa. Huenda si kweli, wanasema, lakini hadithi yake ni tamu zaidi.

Mimi nasema si kweli, na wala si tamu. Kwa hili la kwanza wanahistoria wameshafanya kazi yao. Hili la pili ndilo linalohitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu linapotosha watunzi wenye vipaji wakaiacha dhahabu wakaokota kioo.

Nianze kwa kuutendea haki upande wa pili, maana una hoja zake. William Shakespeare alizaliwa mwaka 1564 Stratford, mji mdogo wa soko, mtoto wa John Shakespeare, mshona glavu. Hakusoma chuo kikuu. Zimebaki saini sita tu zinazokubalika kuwa zake, zote zimekwaruzwa kwaruzwa. Wosia wake wa mwaka 1616 unataja vitanda na vyombo lakini hautaji vitabu. Hakuna barua hata moja aliyoiandika iliyotufikia. Na mtu huyuhuyu ndiye anayesemekana kuandika juu ya wafalme, mabalozi, mahakimu, uwindaji wa mwewe na miji ya Italia. Katikati ya karne ya 19 watu wakaanza kuuliza: aliyajulia wapi haya? Mwaka 1857 Delia Bacon, Mmarekani, alichapisha kitabu kikubwa kudai kwamba tamthilia hizi zilitungwa na kundi la wakuu wa kasrini. Mwaka 1920 J. Thomas Looney, mwalimu wa shule huko Gateshead, akamtaja mtu wake: Edward de Vere, Earl wa Oxford. Mwaka 2011 filamu ya Anonymous, iliyoongozwa na Roland Emmerich, ikampeleka de Vere kwenye majumba ya sinema ya dunia nzima, akiwa mpenzi wa malkia na mwanawe kwa wakati mmoja.

Sasa tuyatazame maswali yenyewe. Aliyajulia wapi mambo ya kasri? Aliyajulia kasrini. Wanaotetea nadharia hii hulipita jibu hilo kana kwamba ni nguzo ya umeme barabarani. Kundi la Lord Chamberlain, ambalo Shakespeare alikuwa mwigizaji wake, mtunzi wake na mwenye hisa ndani yake, liliitwa kuigiza mbele ya malkia katika msimu wa Krismasi mwaka baada ya mwaka. Hesabu za hazina za Machi 1595 zinaonyesha malipo ya maonyesho ya Krismasi ya 1594 katika kasri la Greenwich, na waliotajwa kupokea ni watatu: William Kempe, William Shakespeare na Richard Burbage. Waigizaji hawakuingia kasrini kama watalii. Waliingia na makasha ya mavazi, wakasubiri kwenye korido, wakaona nani anainama mbele ya nani, nani amenuniwa wiki hii, nani anacheka kabla malkia hajacheka. Muulize mpishi au dereva wa mkubwa yeyote, popote pale, akueleze tabia za bosi wake, halafu mwombe bosi aeleze za mpishi. Utajua ni nani kati yao anayetazama.

Nasi wasomaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kulidharau jibu hili, kwa sababu tunaye Shaaban Robert. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Hakuwa mwana wa sultani wala hakusoma chuo kikuu. Lakini katika Kusadikika, Karama anasimama barazani mbele ya mfalme akishtakiwa na waziri Majivuno, na ule mchezo wa madaraka, jinsi waziri anavyopima maneno, jinsi baraza linavyogeuka kidogo kidogo, umeandikwa na mtu anayeyajua madaraka kutoka chini, yanapomwelemea. Sijamsikia mtu akidai kwamba riwaya ile ilitungwa kwa siri na mwana wa mfalme fulani. Tungemcheka. Basi kwa nini tusicheke jambo hilohilo likisemwa juu ya mtu wa Stratford?

Suala la elimu ni jepesi zaidi. Shule ya sarufi ya mji kama Stratford ilikuwa ikiwatwanga watoto Kilatini tangu asubuhi hadi jioni: Ovid, Terence, Plautus. John Shakespeare alikuwa mkuu wa mji mwaka 1568, kwa hiyo mwanawe alikuwa na haki ya kusoma pale. Ben Jonson, aliyejivunia Kilatini chake kuliko mtu yeyote London, alilelewa na baba wa kambo mjenzi wa matofali na hakumaliza chuo chochote. Christopher Marlowe alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Canterbury. Ukikataa kwamba mtoto wa fundi anaweza kuandika tamthilia kubwa, itabidi uifute karibu tamthilia yote ya zama za Elizabeth.

Na Italia? De Vere alizuru Italia mwaka 1575 na 1576, na wafuasi wake hulishika hilo kama hati ya mashtaka. Lakini mwandishi wa tamthilia hizi ana mtu anayetoka Verona kwenda Milan kwa chombo cha majini. Watetezi wametafuta mito na mifereji ya zamani ili kuokoa safari hiyo, na juhudi yao ni ya kusifiwa. Mwandishi huyohuyo aliipa Bohemia ufuko wa bahari, na katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari, aliigongesha saa katika Roma ya kale isiyokuwa na saa za kugonga. Hizi si alama za msafiri wa kikabaila. Ni alama za mtu anayesoma vitabu haraka haraka, ana tarehe ya onyesho, na anajua hadhira itaafiki.

Halafu kuna kifo. De Vere alikufa Juni 1604. Baada ya hapo zikaja King Lear, Macbeth na The Tempest, ambayo inachota habari za meli ya Sea Venture iliyokwama Bermuda mwaka 1609. Zikaja pia tamthilia alizotunga pamoja na John Fletcher, kijana aliyekuwa anaanza kung'ara wakati de Vere yuko kaburini. Kuna wanaojibu kwamba bwana yule aliacha makaratasi, nayo yakatolewa moja moja. Basi makaratasi hayo yalijua mapema kwamba kundi litahamia ukumbi wa ndani wa Blackfriars, ambako mishumaa ilihitaji kukatwa tambi kati ya sehemu na sehemu, na yakajipanga kwa ajili hiyo.

Ila ushahidi ninaoupenda ni mdogo kuliko huo wote. Francis Meres alichapisha mwaka 1598 orodha ya waandishi bora wa Uingereza. Miongoni mwa wazuri wa komedi anamtaja Edward, Earl wa Oxford. Katika orodha hiyohiyo anamtaja Shakespeare. Watu wawili, jina na jina, mbele ya wasomaji waliowajua wote wawili wakiwa hai. Na hapo inaporomoka ile hoja kwamba mkabaila hakuweza kujulikana kuwa anatunga. Alijulikana, akasifiwa kwa jina lake, na dunia haikuanguka. De Vere alikuwa na kundi lake la waigizaji, na mashairi yake yanajulikana kuwa yake. Barua zake pia zipo, nyingi tu, na sehemu kubwa inahusu juhudi zake za kuomba ukiritimba wa bati ya Cornwall. Hakuupata.

Tuje sasa kwa wale wanaosema: sawa, historia tumekuachia, lakini sanaa ina uhuru wake. Nakubali kwamba ina uhuru. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile alituambia wazi kwamba mhusika wake ni kiumbe wa ubunifu, asichukuliwe kuwa nakala ya mtu wa historia. Akampa mashaka ambayo hakuna hati inayoyathibitisha, na tamthilia ikawa na moyo. Lakini hakumchukua Kinjeketile, mtu wa Ngarambe, akamgeuza kuwa mwana wa sultani ili vita vya Maji Maji viwe na hadhi. Kubuni ndani ya mtu ni kazi ya mtunzi. Kumnyang'anya mtu kazi yake ukampa aliye juu yake ni jambo jingine, na haligeuki kuwa ubunifu kwa sababu limewekewa taa na muziki.

Tena hata kwa kipimo cha jukwaa peke yake, mkabaila wa siri ni mhusika mbovu. Fikiria kazi yake. Anakaa chumbani, anaandika, anampa mtumishi bahasha. Tendo liko wapi? Mgogoro wake ni mmoja tu, kugundulika au kutogundulika, na hadhira inajua hatagundulika, kwa sababu imekuja ukumbini ikiwa na tiketi yenye jina la Shakespeare. Waliomzunguka wote wanageuka walinzi wa siri. Burbage analinda siri, Jonson analinda siri, Heminges na Condell waliokusanya tamthilia zile mwaka 1623 wanalinda siri, wachapishaji wanalinda siri, wakaguzi wa serikali wanalinda siri. Watu waliokuwa na wivu, madeni, ulevi, kesi na vipaji wanabaki kuwa mabawabu. Umeuondoa uhai wa mji mzima ili umpe mtu mmoja kuzubaa dirishani.

Tazama badala yake yale ambayo mtunzi anayaacha. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasio na bwana kuwa wazururaji, na mzururaji aliadhibiwa. Kwa hiyo kila kundi lilijibandika kwenye jina la mkubwa fulani. Hapo tayari una kasri na jukwaa katika ndoa ya mashaka: kundi linahitaji jina la bwana, bwana anahitaji kundi la kumfurahisha malkia, na hakuna anayemwamini mwenzake. Kati yao anasimama Edmund Tilney, msimamizi wa burudani za malkia tangu 1579, mwenye ofisi Clerkenwell, ambako tamthilia zilipelekwa zisomwe kabla ya kuigizwa, na kila kibali kililipiwa. Huyu ni mhusika! Mzee mpenda sanaa, mwenye kalamu ya kufutia, anayejua kwamba akipitisha mstari mbaya, shingo itakayoulizwa ni yake.

Mswada mmoja aliousoma Tilney umebaki hadi leo katika Maktaba ya Uingereza: tamthilia ya Sir Thomas More. Ameandika juu yake akiwaamuru watunzi waondoe kabisa ghasia pamoja na chanzo chake. Ghasia zenyewe ni za Mei Mosi 1517, watu wa London walipowavamia wageni waliokuwa wakiishi mjini. Mswada una miandiko ya watu kadhaa: Anthony Munday, Henry Chettle, Thomas Dekker na wengine. Kurasa tatu kati yake wataalamu wengi wanaamini ni mwandiko wa Shakespeare, na katika kurasa hizo More anawataka wenye ghasia wajifikirie wao wenyewe wakiwa wakimbizi katika nchi ya watu, wapokelewe wanavyopokea. Chumba kimoja, watunzi watano, mkaguzi mmoja, na mada ambayo haijazeeka hata siku moja. Nani anahitaji bahasha ya mkabaila?

Hapo ndipo swali la utunzi lilipo kweli, na silikimbii. Nani aliandika nini? Wengi waliandika pamoja. Daftari la Philip Henslowe, mwenye jumba la maonyesho, limejaa malipo kwa watunzi wawili, watatu, wanne waliogawana tamthilia moja. George Peele ana sehemu katika Titus Andronicus, George Wilkins katika Pericles. Mwaka 2016 wahariri wa Oxford waliliweka jina la Marlowe pamoja na la Shakespeare kwenye sehemu tatu za Henry VI, na ubishi juu yake unaendelea. Liz Duffy Adams alilichukua hilo, akawaweka Marlowe na Shakespeare chumba kimoja katika Born with Teeth mwaka 2022: watu wawili, meza moja, na hatari iko nje ya mlango. Hiyo ni tamthilia kuhusu utunzi. Hakuhitaji kumwazima mtu wa tatu mwenye joho.

Siku hizi kuna toleo jipya la ushauri ule wa zamani, lenye sura ya haki: mwandishi wa siri alikuwa mwanamke, Emilia Bassano. Nia yake naielewa, na kwa sababu hiyohiyo inaniudhi zaidi. Emilia alitoka katika ukoo wa wanamuziki wa kasri wenye asili ya Venice. Alikuwa kimada wa Lord Hunsdon, yuleyule Lord Chamberlain aliyelipa kundi la Shakespeare jina lake. Na mwaka 1611 alichapisha kitabu chake cha mashairi kwa jina lake mwenyewe, jambo lililokuwa adimu mno kwa mwanamke wa Kiingereza. Mwanamke huyo ana kitabu! Ukimwambia kwamba utukufu wake uko katika vitabu vya mwanamume mwingine, umemnyang'anya kile kimoja alichothubutu kukitia saini. Morgan Lloyd Malcolm, katika tamthilia ya Emilia iliyochezwa Globe mwaka 2018, alimfanya mwandishi wa kazi yake mwenyewe, na jukwaa likatosha.

Nafikia sasa mahali ambapo ningemwomba mtunzi yeyote mpya aanzie. Mapema Februari 1601 wafuasi wa Earl wa Essex, kipenzi wa zamani wa malkia aliyekuwa amepoteza neema, waliwaendea waigizaji wakawataka waigize Richard II, habari ya mfalme anayevuliwa taji. Waigizaji wakasita. Tamthilia imechakaa, wakasema, haitavuta watu. Wakaongezewa shilingi 40 juu ya mapato ya kawaida, wakakubali. Jumamosi tarehe 7 ikachezwa Globe, ukumbi ambao mbao zake walizibomoa wenyewe upande wa pili wa Thames mwishoni mwa 1598. Jumapili Essex akatoka na watu wake kuiamsha London. London haikuamka. Miongoni mwa waliokamatwa ni Southampton, ambaye Shakespeare alimtabarukia mashairi yake mawili marefu ya 1593 na 1594.

Kundi zima sasa limo mdomoni mwa simba. Anayeitwa kuhojiwa ni Augustine Phillips, mwigizaji na mwenye hisa. Anaeleza kuhusu shilingi 40, kuhusu tamthilia iliyochakaa, kuhusu biashara. Je, anasema kweli? Je, walijua? Na mtunzi, ambaye jina lake liko kwenye chapa ya kitabu, amekaa wapi wakati mwenzake anahojiwa? Katika chapa zilizotoka Elizabeth akiwa hai, lile onyesho la mfalme kuvuliwa taji halimo. Lilitoka mwaka 1608. Phillips aliachiwa. Alipokufa mwaka 1605 alimwachia Shakespeare sarafu ya dhahabu ya shilingi 30 katika wosia. Tarehe 24 Februari 1601, mkesha wa kukatwa kichwa Essex, kundi lilelile liliitwa kuigiza mbele ya malkia. Hatujui aliwatazamaje. Pengo hilo ndilo la mtunzi, na hapo abuni atakavyo.

Filamu ya Anonymous ilikuwa na tukio hilo mkononi. Ikafanya nini? Ikaibadilisha tamthilia kutoka Richard II kuwa Richard III, ikampa de Vere kazi ya kuiandika kwa ajili ya maasi, na Phillips na woga wake wakatoweka. Huo ndio utamu tunaoahidiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayeandika ni jepesi. Mwekee Phillips kiti chake mbele ya wahoji, mpe Tilney kalamu yake, mpe Shakespeare hofu na hisa zake. Na kama ni lazima Edward de Vere aonekane, aonekane pale alipokuwapo kweli. Phillips alihojiwa tarehe 18 Februari. Siku iliyofuata, katika ukumbi wa Westminster, de Vere alikuwa ameketi miongoni mwa makabaila waliowahukumu Essex na Southampton kufa.